Maswali Yenu: ioremap_nocache imekwenda wapi?

SWALI: Salaam mwalimu. Nimekabidhiwa draiva ya zamani ya Linux. Nikiijenga kwenye kerneli mpya, kompaila inasema haiijui ioremap_nocache. Nikiweka ioremap tupu, kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) haitanivurugia rejista za kifaa, yaani vijisehemu ambavyo draiva husoma na kuandika ili kukiongoza?

JIBU: Weka ioremap bila wasiwasi. Kwenye x86 (prosesa za aina ya Intel na AMD), tangu toleo la 2.6.25 la mwaka 2008, ioremap yenyewe huweka kumbukumbu ya kifaa kwenye ramani ya kerneli bila kashe. Majina mawili yakaendelea kufanya kazi ile ile mpaka toleo la 5.6 la mwaka 2020, ioremap_nocache ilipofutwa. Niliufurahia sana uamuzi huo, kwa sababu jina lile lilimfanya kila mwanafunzi aamini kwamba ioremap ya kawaida inapitia kwenye kashe.

Hofu yako ina msingi, lakini. Rejista ya hali hubadilishwa na kifaa chenyewe. Prosesa ikisoma nakala iliyolala kwenye kashe, draiva itasubiri biti ambayo haibadiliki. Tena anwani hiyo usiiguse kama pointa ya kawaida: soma kwa readl, andika kwa writel.

Ila kwa kuwa draiva umeshaifungua, usiishie kubadili jina. Kama ni ya aina ya platform (ya vifaa visivyojitambulisha vyenyewe kwa kerneli), tumia devm_platform_ioremap_resource, iliyoingia toleo la 5.1 mwaka 2019. Mstari huo mmoja hutafuta anwani za kifaa, huzihodhi ili draiva nyingine isizidai, huziweka kwenye ramani, kisha huziachia draiva inapoondolewa au probe (hatua ya draiva kukiandaa kifaa) inaposhindwa.

Hapa nakusihi uwe makini. ioremap ikishindwa hurudisha NULL, yaani pointa tupu. devm_platform_ioremap_resource hurudisha pointa iliyobeba namba ya kosa, nayo hukaguliwa kwa IS_ERR. Ukiendelea kukagua NULL tu, kosa litapita kama anwani halali, na kerneli itaanguka kwenye readl ya kwanza, mbali kabisa na chanzo. Futa pia iounmap na release_mem_region za zamani, la sivyo eneo lile lile litaachiwa mara mbili. Mimi huyasaka majina hayo faili zima kabla ya kujenga.

Kama kifaa ni cha picha, fremubafa yake (kumbukumbu inayohifadhi picha ya skrini) ipe ioremap_wc, inayoruhusu maandishi kukusanywa kabla ya kutumwa. Rejista zake zibaki kwenye ioremap.