Ali au Frazier? Kwangu ni Ali

Ndugu yangu, umeuliza nani mkubwa zaidi kati ya mabondia Muhammad Ali na Joe Frazier, maana kila mmoja alimpiga mwenzake. Kwangu ni Ali. Frazier namheshimu sana: New York mwaka 1971, raundi ya 15, ngumi yake ya kushoto ilimwangusha Ali chali, miguu juu, na akashinda kwa pointi. Lakini mtazame George Foreman. Mwaka 1973 alimdondosha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili tu! Mwaka uliofuata, Kinshasa, Ali akaegemea kamba, akazipokea ngumi za Foreman mikononi na mbavuni hadi jamaa akaishiwa pumzi, kisha Ali akamlaza raundi ya 8. Frazier hana ushindi wa namna hiyo.