Jiwe la Ukara kwenye simu, wazee wamegoma

SWALI: Dada shikamoo, mimi kijana wa Ukara huku Ukerewe, kikundi chetu tunataka kuanza utalii wa mtandaoni, yaani mzungu akae kwao tumuoneshe laivu jiwe letu linalocheza na wavuvi wa dagaa, alipie. Sasa wazee wanaolitunza hilo jiwe wamegoma wanasema tunataka kuwauza. Si tutumie tu video tulizorekodi zamani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, msitumie. Mgeni akivuka na feri lazima apitie kwa wazee, aombewe, atoe chochote, ila wa kwenye simu hapiti kwa mtu, hapo ndo wanapoumia na wana haki kabisa. Rudini kwao na daftari, simu ziacheni nyumbani, muandike mgeni akilipa wazee wanapata ngapi, mshika simu ngapi, bando ngapi, kijiji ngapi, halafu isomwe kwenye mkutano wa kijiji watu wote wasikie. Na mzee akisema hapa usipige, simu inashuka.

Halafu video mtu anaangalia bure, nani atalipia? Visiwa vya Faroe, huko kaskazini mwa Ulaya, mwaka 2020 corona ilipofunga safari, wenyeji walivaa kamera kichwani wakawa wanatembea, mtu kakaa kwao huko mbali anamwambia geuka kushoto, haya kimbia, na anakimbia kweli. Utamu ni kwamba kuna mtu anakusikia.

Wakati wazee wanajadili anzeni na dagaa. Ila msipange asubuhi, manake saa 1 asubuhi kwenu London ni saa 10 au 11 alfajiri, nani ataamka? Saa 10 jioni huko ni mchana, na ndo mama anaanua dagaa, simu ishuke mpaka kwenye kichanja mgeni asikie zinavyochakarika zikikusanywa, aone kunguru wanavyofukuzwa, aulize kwanini jirani anaanika mchangani, na mama ajibu mwenyewe kwa lugha yake nyie mtafsiri tu, na siku hiyohiyo apewe hela yake mkononi, sio mwisho wa mwezi jamani.

Usiku pia inawezekana, ila angalieni mwezi, mbalamwezi ikiwaka dagaa hazifuati taa na mitumbwi inalala, mtamuonesha mgeni ziwa tupu. Ngojeni giza. Na msiingie ziwani na simu, mtandao utawakatikia katikati ya maongezi, simameni ufukweni tu, zile taa zikishawaka zote kule mbele atadhani ni mji.