Keria ya baiskeli kwa IST: ipi itafika Lushoto?

SWALI: Fundi, assalaam alaykum. Naishi Chumbageni hapa Tanga, gari yangu ni Toyota IST. Likizo hii nataka kwenda Lushoto na baiskeli mbili: yangu ya milimani, na ya mke wangu, ile ya mtumba kutoka Japani yenye kikapu mbele. Kuna fundi wa kuchomelea anasema atanitengenezea keria ya chuma aifunge kwenye bampa ya nyuma. Dukani nako nimeona ya mikanda, inafungwa kwenye mlango wa buti. Nichukue ipi?

JIBU: Waalaykumu salaam, kaka. Ya bampa usiichukue hata ukipewa bure. Bampa ya IST ni plastiki. Ukiivua utakuta chuma chembamba kilichowekwa kupokea kishindo gari ikigongwa, siyo kubeba mzigo unaoning'inia. Baiskeli zikikaa nusu mita nyuma ya gari, kila tuta unalopanda linazivuta chini, na kutoka Pongwe mpaka Mombo matuta yalivyo unayajua mwenyewe. Keria ya nyuma ninayoiamini ni ile inayokaa kwenye chuma cha kuvutia tela kilichofungwa kwa bolti kwenye mihimili ya chini ya bodi, kulia na kushoto. Kama gari yako ina chuma hicho, hapo ndipo pa kufunga, na huhitaji kunyanyua baiskeli kupita kiuno. Ila IST zenye nacho ni za kuhesabu.

Sasa hiyo ya mikanda. Kabla ya kutoa pesa, pima baiskeli zako. Panda kwenye mizani umeibeba baiskeli, soma, kisha panda mwenyewe, utoe. Ya milimani itakuja kilo 13 hadi 15. Ya shemeji, ukijumlisha kikapu, stendi, dinamo na keria yake ya nyuma, haitakuwa mbali na 20. Keria nyingi za mikanda zimeandikwa kilo 15 kwa baiskeli moja. Watu hawasomi hicho kibandiko.

Tatizo la pili ni fremu. Mikono ya keria hizo hushika bomba la juu la baiskeli, na ya kike bomba hilo limeshuka. Ukiilazimisha itakaa upande, gurudumu linaning'inia karibu na ekzozi. Tairi likipigwa na moshi wa moto kwa safari nzima, linaharibika. Kuna bomba la ziada linalofungwa kutoka chini ya kiti hadi kwenye shingo ya usukani ili kupata pa kushikia; linasaidia, lakini uzito unabaki uleule. Tena mlango wa buti wa IST nyingi una spoila ya plastiki, lile bawa lililo juu ya kioo cha nyuma. Kulabu ikikamata hapo, au kwenye ukingo wa kioo, utalia. Na zikikaa nyuma zisizibe namba wala taa, maana trafiki hatakuuliza unaenda likizo gani.

Kwa hiyo kwako ni juu ya paa. Paa la IST nyingi halina reli, utahitaji vyuma viwili vya kukingama vyenye miguu inayobana kwenye kingo za milango, kisha reli mbili za kusimamishia baiskeli. Fanya hesabu: kilo 15 na 20 ni 35, vyuma na reli zake weka 12, jumla 47. Magari madogo mengi yanaruhusiwa kilo 50 hadi 75 juu ya paa, vyuma vikiwemo. Cha gari yako kimeandikwa kwenye kitabu chake, ambacho najua ni cha Kijapani na hujawahi kukifungua. Kipige picha, simu itakutafsiria. Ukivua kikapu unaokoa uzito, na upepo utapungua.

Ubaya wa paa ni urefu. IST ni mita moja na nusu hivi. Baiskeli ikisimama juu yake unakaribia mita 2 na sentimita 70. Mimi mwenyewe niliwahi kurudi nyumbani jioni, nimechoka, nikaingia getini kama siku zote. Nilichosikia ni mlio wa chuma kwa chuma. Usukani wa baiskeli ulipinda, na paa la gari lilibonyea mpaka leo. Tangu hapo nikipakia juu nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani wa gari, kinanigusa mkono kila ninapokata kona. Na matawi ya miembe ya mtaani yaangalie pia.

Kufunga, tumia mikanda isiyovutika, yenye kikazio. Mpira wa tyubu wa bodaboda ni mzuri kwa gunia la mkaa, lakini unanyumbuka. Utumie tu kuzuia gurudumu la mbele lisizunguke. Futa paa kabla ya kuweka miguu ya keria, mchanga wa ufukweni Raskazone ukibaki chini yake unakwangua rangi kama msasa. Bolti zipake grisi, maana hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma, na ukirudi safari ivue keria uiweke ndani.

Ukifika Pongwe egesha, zitikise baiskeli kwa mkono, kaza upya. Mikanda mipya hulegea mwanzoni. Rudia Mombo, kabla hujaanza kona za kupanda Soni.