Gazania si mchicha, jamani

Zaidi ya nusu ya maswali yenu ya bustani mwezi huu ni yale yale: gazania, ua la bustani, imekufa. Nimechagua machache.

Gazania zangu zilichanua vizuri wiki tatu, sasa zinalainika katikati na kuoza. Namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Nimekosea wapi? (Kisauni)

Hapo hapo kwenye "bila kukosa". Hili nimelijibu hadi nimechoka. Gazania ni jamii ya alizeti, kwao ni kusini mwa Afrika, na aina moja humea hata kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya huko, upepo na chumvi vikiipiga. Geuza jani moja ulitazame upande wa chini: lina vinyweleo vyeupe kama pamba. Hiyo ndiyo nguo yake ya kuzuia maji yasipotee. Sasa mmea uliojivika hivyo wewe unauogesha mara mbili kwa siku, tena jioni, na joto letu hili la unyevu! Maji yanalala shingoni mwake usiku kucha. Usipooza utafanya nini?

Ng'oa zilizooza, uzitupe mbali. Kwa zilizobaki, chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kikitoka na udongo unaonata, weka ndoo chini, nenda kanywe kahawa. Kikitoka kikavu, mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliua miche 12 kwa huruma kama yako, na aliyeniuzia aliapa kwamba "haya yanapenda maji". Muuza miche wa kando ya barabara hapati hasara mche wako ukifa, atakuuzia mwingine.

Halafu huo udongo mwekundu mnaouleta kwa lori mnaupendea rangi tu. Unashika maji. Inua tuta la shubiri moja, uchanganye na vipande vya matumbawe, yale mawe uliyochimba ukijenga msingi ukayatupa nje ya geti. Kisiwa chote cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe, lakini tunaona haya kuyatumia. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti mwaka 1971 kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, palikuwa mwamba mtupu. Mvinje ikashika, leo ni msitu. Hakuagiza udongo mwekundu.

Maua yangu hayafunguki. Nimeyaweka barazani, penye kivuli. (Mji wa Kale)

Yatoe juani. Hufunga usiku, na hata mchana mawingu yakitanda.

Mbegu za pakiti zimekataa kuota. Nilizitandaza juu ya udongo, ndani ya trei. (Mikindani)

Zinataka giza. Zifunike kwa udongo mwembamba, kama nusu sentimita, na kitalu kisirowe. Ndani ya wiki moja au mbili utaona kitu. Subiri mvua za masika zipungue: mbegu ya Mei inaoza, ya Agosti inaota, na baada ya miezi mitatu hivi unapata ua. Ukivuna mbegu za maua yako mwenyewe, usije ukanilaumu rangi zikibadilika, kwani nyingi za dukani ni chotara. Ukitaka rangi ile ile, chukua kipandikizi cha pembeni. Na samadi ya kuku, kidogo mno. Ukiijaza utapata majani ya kulisha mbuzi.

Kisima changu kina chumvi kidogo. Yatavumilia? (Likoni)

Kidogo, ndiyo. Mara moja moja yapitishie maji ya mvua ili chumvi isijikusanye, hasa kama umepanda kwenye mikebe.

Jirani ananikataza, anasema gazania itavamia mtaa mzima. Ni kweli? (Nyali)

Jirani si mjinga. Mbegu zake zina manyoya, upepo huzichukua, na huko California na kusini mwa Australia zimeshatoroka bustanini zikawa magugu. Kata maua yaliyokauka kabla ya kupasuka. Lakini muulize jirani huyo ukingo wake una nini, maana Nyali nzima imetandikwa wedelia, ile ya njano inayotambaa, ambayo imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Nayo pia ni jamii ya alizeti. Mgeni huyo wa Amerika mnampandia ukingoni, kisha mnamnunulia maji ya bauza.

Nimesikia ukichemsha majani yake yanashusha presha. (Changamwe)

Nenda hospitali.

Naweza kuyakata nikayaweka kwenye chombo sebuleni kwa ajili ya harusi? (Tudor)

Yatafunga kabla bibi harusi hajafika. Nunua waridi.