Nyigu wa udongo ukutani: mwache kwanza

Ndugu, umeuliza kama umpulizie dawa yule nyigu mwembamba wa kiuno anayefinyanga udongo ukutani kwako. Mwache. Huyo huishi peke yake, hana kundi la kulitetea, na ni nadra kumchoma mtu asiyemshika. Jike ndiye fundi: hubeba kidonge cha tope mdomoni, hujenga chumba, kisha huwinda buibui na kuwadunga sumu inayowapoozesha bila kuwaua. Huwashindilia humo wakiwa hai, hutaga yai moja, huziba mlango. Ukatili mtupu, lakini buu lake likianguliwa linakuta nyama isiyooza! Ukiona udongo umetobolewa vitundu, watoto wameshatoka. Hapo kwangua tu bila wasiwasi.