Maswali ya Mafundi: Mashine ya kufungia jipsamu

Swali: Habari za kazi. Nimeanza kujitegemea kufunga dari za jipsamu. Natumia drili ya chaji ya kawaida, na fundi mwenzangu ananishauri ninunue drili ya impakti kwa kuwa ina nguvu zaidi. Dukani nimeonyeshwa nyingine yenye pua nyembamba mbele, ghali kidogo, wanasema ni ya jipsamu tu. Nichukue ipi?
*Fundi anayeanza, Kibaha*

Jibu: Chukua yenye pua. Nguvu isikubabaishe, maana skrubu ya jipsamu haihitaji nguvu nyingi. Inahitaji kusimama mahali pake: kichwa kizame nusu milimita hadi milimita moja chini ya uso wa bodi, na karatasi ibaki nzima. Karatasi ndiyo inayoshikilia bodi. Ikishapasuka, kichwa kinakaa kwenye unga mtupu, na bodi ya dari inayoning'inia kwa unga itateremka siku moja.

Drili ya kawaida ina klachi, zile namba zilizo shingoni, lakini klachi hiyo hupima ugumu wa kuzungusha. Kina haikijui. Penye mbao laini skrubu inazama mno kabla klachi haijaachia. Penye kifundo inaachia mapema na kichwa kinabaki nje. Namba ni ileile, dari ni ileile, matokeo mawili. Impakti ndiyo mbaya kabisa kwa kazi hii: hugonga mpaka utoe kidole, na kidole cha binadamu hakiwahi.

Mashine ya jipsamu hufanya kazi kwa namna nyingine. Ukibonyeza swichi mota inazunguka, lakini biti imetulia. Biti huanza kuzunguka pale tu unapoisukuma skrubu kwenye bodi. Skrubu inaingia, pua inagusa karatasi, klachi ya ndani inaachia kwa mlio wa "trrr", basi. Mota haijasimama muda wote huo. Unafunga swichi kwa kitufe cha pembeni ibaki imewaka, unaweka skrubu nyingine kwenye biti yenye sumaku, unasukuma tena.

Angalia kwanza mizunguko. Kwa jipsamu unataka 4,000 hadi 4,500 kwa dakika. Bosch GSR 6-45 TE ya waya inafika 4,500, Makita DFS452 ya chaji 4,000. Zipo zinazofanana nazo kwa sura lakini zina 2,500; hizo ni za skrubu za kujitoboa kwenye chuma kinene, ambazo ncha yake huungua ikizungushwa kasi mno. Muuzaji asikuchanganye, soma kibandiko cha ubavuni.

Waya au chaji? Kama unafunga dari kwenye nyumba ambazo hazijaunganishwa umeme, chaji haina mjadala, na uwe na betri mbili. Kama umeme upo, ya waya ni nyepesi juu ya kichwa, bei yake nafuu, na haikatiki katikati ya bodi. Inakula wati 700 tu, kwa hiyo waya wa kurefushia wa 1.5 mm² wa mita 30 unatosha. Ila ukunjue wote. Ukiuacha umeviringishwa kwenye gurudumu lake unapata joto.

Kama fedha haijatosha, nunua kwanza biti ya kikombe, ile PH2 (ya msalaba, saizi ya 2) iliyozungukwa na ukingo wa chuma. Ukingo ukigusa bodi, biti inaruka nje ya msalaba wa skrubu. Inafungwa kwenye drili uliyo nayo. Kasi itabaki ndogo, lakini karatasi itapona.

Kabla ya kulipa, omba uiwashe. Funga swichi ikiwa imewaka, shika mashine hewani: biti ikizunguka kwa nguvu bila kusukumwa, klachi imechoka. Zungusha pete ya kina, ile inayopanga skrubu izame kiasi gani; lazima usikie kila hatua ikigota. Pete inayozunguka kirahisi itajibadilisha yenyewe kazini. Kisha vuta pua itoke na uirudishe. Irudi na mshikamano uleule, kwa sababu utaivua kila mara unapotaka kung'oa skrubu kwa kinyumenyume.

Swali: Mashine ninayo, tena mpya, lakini kila skrubu tano mbili zinapasua karatasi na nyingine inabaki juu. Biti pia zinaisha haraka. Tatizo ni mashine?
*Fundi, Morogoro*

Jibu: Skrubu zingezama zote, au zingebaki juu zote, tungesema pete. Ukipata mchanganyiko huo, tazama mkono.

Mara nyingi fundi hushika mpini chini kama bastola. Msukumo unakuja kwa pembe, skrubu inaingia imelala, na upande mmoja wa kichwa unakata karatasi huku mwingine umebaki nje. Panda juu: kiganja kikae nyuma ya mota, kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande mwingine, vikiwa mstari mmoja na biti. Swichi ivutwe na vidole viwili vya mwisho. Inaonekana ajabu siku ya kwanza.

Halafu sukuma kwa uthabiti mpaka usikie ule mlio. Ukisukuma kwa woga, klachi inashika na kuachia, inashika na kuachia, biti inatafuna msalaba wa skrubu na yenyewe inalika. Hapo ndipo biti zako zinapoishia. Nunua PH2 za milimita 25 zenye kiuno chembamba, maana zile nene huweza kusugua ndani ya pua, na tupa biti mara ukiona ncha za msalaba zimekuwa mviringo.

Pete irekebishwe kwenye kipande cha bodi chakavu kilichowekwa juu ya mbao ileile ya kazi, hatua moja moja. Kisha pitisha skrepa juu ya kichwa: ikigonga chuma, ongeza hatua moja. Ukitoka kwenye mbao kwenda kwenye chaneli za bati, rekebisha upya.

Skrubu iliyopasua karatasi usiizibe na kuiacha. Itoe, na ufunge nyingine milimita 50 pembeni. Fanya hivyohivyo kwa ile inayozunguka bure kwenye chaneli: imeshakula bati na haitashika tena.

Swali: Shemeji yangu yuko Marekani, ana DeWalt mbili za jipsamu: moja ya chaji imeandikwa 20V, nyingine ya waya 120V. Zitafanya kazi Mombasa?
*Msomaji, Kisauni*

Jibu: Ya chaji, ndiyo. Hiyo 20V ndiyo ileile inayouzwa kwingine kama 18V XR. Ishirini ni volti za betri iliyojaa ikiwa haijabeba mzigo, kumi na nane ni za kazini, na betri zinaingiliana. Mwambie asihangaike na chaja ya kule ya volti 120. Ununue ya volti 240 hapa.

Ya waya aiache. Ukiichomeka moja kwa moja unaichoma, na transfoma ya kuibeba isipungue wati 1,000, mzigo wa chuma wa kuhama nao chumba hadi chumba. Afadhali mashine kutoka Dubai, ambako umeme na plagi ni kama vyetu.

Swali: Chumba changu ni mita 4 kwa 3.6. Fundi anataka pakiti nzima ya skrubu 1,000 za milimita 50. Ananidanganya?
*Mwenye nyumba, Tanga*

Jibu: Idadi imezidi, na urefu si sahihi. Dari yako ni mita za mraba 14.4, yaani bodi tano za 1.2 kwa 2.4. Mbao za 2 kwa 2 zikiwa kila sentimita 40, bodi moja inapita mistari saba. Kila mstari skrubu saba, zikiachana takriban sentimita 20. Jumla 49 kwa bodi, 245 kwa chumba, na ukiongeza za kuanguka na kuharibika, 270. Pakiti hiyo inatosha bodi 18.

Kwa bodi ya 9 mm kwenye mbao, nunua za 35 mm zenye nyuzi pana. Zenye nyuzi za karibukaribu ni za chaneli za bati. Za 50 mm hazikuongezei chochote: mbao mbichi ikikauka inasinyaa, na kadiri skrubu ilivyozama zaidi ndivyo kichwa kinavyotokeza zaidi chini ya rangi. Skrubu zikae milimita 10 kutoka ukingo wenye karatasi, na 15 kutoka ukingo uliokatwa. Na kwa kuwa uko pwani, vichwa vizibwe kwa jipsamu ya kujazia kabla ya rangi yoyote, la sivyo kutu itachora nukta za kahawia dari nzima.