Mwanangu, kuhusu Mao na ile dhahabu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili, unauliza kwa nini Mao Asada, yule Mjapani wa kucheza kwa kuteleza kwenye barafu, hakupata dhahabu ya Olimpiki na alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, 2008, 2010 na 2014. Kwa ufupi, Olimpiki ya Turin 2006 alizuiwa na umri, zilipungua siku 87 tu, na miaka 15 yake hiyohiyo alikuwa kashabeba fainali ya Grand Prix, mashindano makubwa ya kila mwaka ya mchezo huo. Vancouver 2010 akapiga akseli tatu, ile ya kuruka uso mbele unazunguka mara tatu na nusu, hakuna mwanamke aliyekuwa ametua tatu kwenye shindano moja, na bado Kim Yuna wa Korea Kusini akamwacha kwa pointi 23 na kitu.

Lakini mimi ukinitajia Mao naiona Sochi, Olimpiki ya 2014. Siku ya kwanza alianguka kwenye akseli akawa wa 16, ukazima TV ukasema mama huyu kaisha. Kesho yake nikaiwasha mwenyewe. Katoka na gauni la buluu, akaanza na akseli ileile ya jana, akatua, afu mruko mwingine, na mwingine, mpaka muziki umeisha kasimama pale katikati ya barafu machozi yanamtoka na huku anajikaza atabasamu awainamie watu. Pointi 142.71 za raundi hiyo ya pili, hajawahi kupata nyingi hivyo kwenye raundi hiyo, akapanda mpaka wa 6. Nimekwambia tangu uko mdogo, mtu humjui siku anayoanguka, unamjua kesho yake.

Na hapo ndo roho huniuma. Maana tulipokuwa Nagoya, kule Japani, wewe ulianguka mara moja tu pale Osu, kwenye barafu ileile aliyojifunzia Mao utotoni, wenzio wanaangalia, nikakuvua viatu mimi mwenyewe, vidole vya baridi vile, hukulia, uliniuliza tu kesho tunarudi? Nikasema haturudi. Niliogopa utavunjika mguu. Hapana, mwanangu, niliona aibu.

Sa hiyo ya Vancouver, baba yako anasema Yuna hakukosea popote na Mao aliharibu miruko kwenye raundi ya pili, ni kweli, aliharibu. Nilimwahidi sitasema nani alistahili na sisemi. Ila akseli tatu jamani! Tatu! Ukija Desemba tukae tuiangalie tena, mimi na wewe.

Mama